Waya Mrefu Nyuma ya Kabati

Buyenzi, Bujumbura
Jumamosi, baada ya chai ya asubuhi

Kwa dada yangu Mwajuma, Ujiji,

Shikamoo dada. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana najua ukiwa umeninunia huitikii. Goti la kushoto linasemaje? Na lile jino la mbele bado limesimama peke yake kama askari wa zamu? Uliheshimu, usilipe muhogo wa kuchoma. Mi mzima. Nakula vizuri, nalala vizuri, na tangu juzi nacheka hata na watu nisiowapenda. Wiki hii nilipata hofu ya kutosha watu wanne, lakini imekwisha, kwa hiyo soma barua hii umekaa vizuri, hakuna msiba ndani yake.

Nimeambiwa kwamba yule bwana anayekuja huku kununua dagaa anakuletea habari kuwa nimefukuzwa kazi kwa kuiba waya wa chuo. Nusu ya habari ni kweli. Waya niliuchukua. Lakini sikufukuzwa, wala sikuiba, na mambo yenyewe ni marefu kuliko ulimi wake, ingawa ulimi wake si mfupi.

Kazi yangu unaijua. Taa za chuo zikifa nazifufua, soketi ikianza kutoa cheche naifunga mdomo. Wamenistaafisha mara moja, wakaniita tena kwa sababu hakuna mwingine anayejua nyaya za jengo lile zinapita wapi. Ghorofa ya juu kuna chumba cha majaribio wanakiita labo, na mwenye labo ni binti mmoja anaitwa Goreti. Umri wake sawa na mjukuu wako wa pili. Mwembamba, mkali, amesoma mpaka mi nikimsikiliza nasikia usingizi wa heshima. Yeye ananiita Muzee, mi namwita Mwalimu, na kila siku tunagombana kwa sababu naweka sukari nyingi katika chai yake.

Huyu binti amekopeshwa mashine na chuo kimoja cha ng'ambo. Masharti yake yalikuwa haya: mashine ikifanya kazi bila kusimama, inabaki Bujumbura na yeye anamalizia masomo yake nayo. Ikishindikana, mgeni kutoka huko atakuja, ataifungasha kwenye masanduku, itapelekwa nchi nyingine. Mgeni alikuwa aje Alhamisi hii iliyopita. Shika hapo.

Mashine yenyewe, dada, si kitu cha kutisha. Ni mbao mbili za plastiki, kila moja upana wa sinia la pilau, zimefungwa karatasi nyeusi zisione mwanga. Moja iko juu ya paa, nyingine iko juu ya meza chumbani. Kazi yake ni kungoja vitu vinavyoanguka kutoka mbinguni. Si mvua. Goreti anasema kuna vijipande vidogo kuliko vumbi, vinanyesha mchana na usiku, vinapita bati, vinapita zege, vinapita mtu na haoni. Nilimwuliza kama vinaumiza. Akasema apana. Nikamwuliza kama vinaweza kupita hata kichwa cha dada yangu wa Ujiji. Akasema vinapita kichwa chochote. Basi nikajua hakufahamu.

Kila ubao ukiguswa na kijipande, unatuma habari kwa waya mpaka kwenye sanduku la chuma. Sanduku ndilo linaamua: hii tunaitunza, hii tunaitupa. Halafu kuna kioo kinachoonyesha mistari mitatu. Wa kwanza ni wa ubao wa paa, wa pili ni wa ubao wa meza, wa tatu ni wa mara zile ambazo mbao zote mbili zimeguswa pamoja. Mstari wa tatu ndio mali. Hiyo miwili mingine ni kelele tu.

Sasa, wiki iliyopita Goreti alikwenda Gitega kwenye harusi ya mdogo wake. Siku ya kuondoka alinikuta kwenye ngazi, begi liko begani.

"Muzee, nyaya za labo zimekaa vibaya. Mugeni anakuja. Unipangie vizuri, zisionekane."

"Zisionekane kabisa?"

"Kabisa. Nikirudi nione ukuta tu."

Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, maana ndiyo yaliyoniponza, pamoja na mikono yangu.

Siku ile ile alipoondoka nikasogeza kabati. Nyuma yake nikakuta aibu. Waya wa ubao wa paa ulikuwa sawa, unapanda dirishani, unakwenda zake juu, mita ishirini hivi. Lakini waya wa ubao wa meza, dada! Kutoka mezani hadi kwenye sanduku ni hatua mbili, tatu ukiwa na goti lako. Mtu alikuwa ameweka waya wa mita ishirini, akauzungusha, akaurundika nyuma ya kabati kama utumbo wa ng'ombe. Nikasema, wasomi hawa, wananunua waya kwa kufumba macho.

Unakumbuka nilijifunza kazi kwa yule fundi mfupi wa kule kwenye viwanda, karibu na bandari. Alikuwa hasemi mara mbili. Siku moja alinikuta nimeacha waya wa umeme umezungushwa chini ya mashine ya kukamua mafuta, akanipiga kofi nikaona nyota za Kigoma zote. Akasema waya uliozungushwa unapata joto, joto linaleta moto, moto hauulizi fundi nani. Kweli tupu. Tangu siku hiyo nikiona waya umezungushwa, mkono wangu unaingia mfukoni wenyewe kutafuta koleo.

Basi nikakata. Nikaacha mita tatu zinazohitajika, nikachomoa kichwa cha kuchomekea cha mwishoni nikakifunga upya, nikaupitisha waya ndani ya mfereji wa plastiki ukutani, nikarudisha kabati. Ukuta ukawa mweupe kama siku ya kuzaliwa. Kipande kilichobaki, mita kumi na saba, kilikuwa waya laini, mzito, mweusi, wa ng'ambo. Huku hatutupi kitu, dada. Nikampelekea wifi yako Hadija akautundika uani kwa kuanika nguo. Alifurahi sana. Alisema hiyo ndiyo kamba ya kwanza maishani mwake isiyoacha kutu kwenye shuka. Nikajisifu mbele ya majirani.

Jumatatu Goreti akarudi. Akaangalia ukuta, akanishukuru, akaniambia nimefanya kazi ya kimataifa. Halafu akawasha kioo. Mstari wa kwanza ulikuwa unacheza. Wa pili unacheza. Wa tatu umelala chini, sifuri.

Akadhani ni umeme. Akazima, akawasha. Sifuri. Jumanne alikuwa chini ya meza tangu asubuhi, nywele zimejaa vumbi, anabadilisha hiki, anabana kile. Kile chombo chao kingine cha kuonyesha mawimbi ya umeme kilikuwa kimeungua siku umeme uliporudi kwa hasira, kwa hiyo alikuwa anatafuta kama mtu anayetafuta sindano akiwa amefunga macho. Mi nilikuwa namshikia tochi. Nilitoa na mashauri. Nilisema labda ni mijusi. Nilisema labda mbingu zimepumzika. Alinitazama, nikaenda kuchemsha chai.

Naapa, siku hizo mbili nilikuwa sijui. Nilikuwa namwonea huruma kwa moyo safi kabisa, kama mwizi aliyelala.

Jumatano baada ya adhuhuri nikamkuta amekaa sakafuni, hajala. Akasema, "Muzee, kaa. Nikueleze we. Labda nikisema kwa sauti nitasikia mwenyewe nilikosea wapi."

Nikakaa. Akachora kwenye karatasi, ubao juu, ubao chini, sanduku katikati.

"Wa juu unaona. Wa chini unaona. Lakini sanduku inasema haviko pamoja, hata mara moja."

"Basi sanduku mwongo."

"Sanduku apana mwongo. Inataka zote mbili ziseme wakati mumoja. Moja peke yake haiamini."

Nikamwambia hiyo naijua, ni kama mwezi wa Ramadhani, kadhi hataki shahidi mmoja, anataka wawili. Akapenda. Uso wake ukafunguka kidogo kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

"Eh, sawasawa. Sasa mashahidi wako wawili, mumoja anakaa Ruziba kule mbali, mwingine anakaa mulango wa pili na kadhi. Wote wameona mwezi saa moja. Lakini huyu kadhi ana haraka. Akisikia wa kwanza, anangoja muda wa kufumba jicho, halafu anafunga mulango. Wa jirani anafika sasa hivi. Wa Ruziba bado yuko njiani. Akifika, mulango umefungwa."

"Na mwezi haukuonekana."

"Haukuonekana."

"Sasa mnafanyaje?"

"Yule wa jirani tunamuzungusha. Tunamupitisha njia ndefu, sawa na ya mwenzake, wafike pamoja. Ndiyo maana kable ya chini ina mita ishirini. Tuliizungusha pale nyuma ya kabati."

Dada, uliwahi kuanguka kisimani ukiwa umesimama?

Nikamwuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, mita moja ya waya inachelewesha kiasi gani. Akasema, kata sekunde moja vipande bilioni, chukua vitano. Nikamwuliza kadhi anangoja vipande vingapi. Akasema ishirini. Mi hesabu niliiacha darasa la tano pamoja na viatu vyangu, lakini siku hiyo niliifanya kichwani bila kalamu. Mita kumi na saba, mara tano. Themanini na tano. Shahidi wangu alikuwa amefika, amesema, amekwenda nyumbani, amekula, mwenzake bado yuko njiani.

Ningesema pale pale, ndiyo. Nilifungua mdomo. Lakini yeye akatangulia. Akatoa bahasha mezani.

"Jioni ya kuondoka nilizungusha sukurubu mumoja kwenye sanduku. Nafikiri ni mi niliua. Nimeandika yote humu, kesho nitamupa mugeni. Kosa ni langu, wachukue mashine yao."

Nikafunga mdomo. Nikasema, "Mwalimu, naenda kusali alasiri."

Nilisali. Rakaa ngapi, usiniulize. Halafu nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani, maana mafuta hayapatikani mjini na magari yamelala foleni, na njia nzima nilikuwa na wakili kichwani, wakili mzuri sana. Alisema: hakuna aliyekuona. Mashine ikiondoka, nani atasogeza kabati? Goreti ni kijana, atapata mashine nyingine. Wewe wakikutoa leo, nani ataajiri mzee mwenye koleo? Alisema pia kwamba yeye ndiye aliyetaka zisionekane. Maneno yake yote yalikuwa na mantiki. Nilifika nyumbani nimekaribia kushinda kesi.

Uani nikakuta waya umebeba nguo kutoka ukuta hadi ukuta, na kanzu yangu katikati, inatiririka maji. Nikaanza kuondoa nguo kabla sijaamua kwa nini naziondoa.

"We, unafanya nini na nguo zangu?" Hadija huyo, ametoka jikoni na mwiko.

"Nataka kamba."

"Kamba uliyonipa mwenyewe? Uliyoitangaza mtaa mzima mpaka nikaona haya?"

"Si kamba. Ni njia ya shahidi."

"Umekunywa?"

Nikamweleza. Si vizuri, lakini alielewa haraka kuliko nilivyotaka. Hakuuliza habari za mbingu. Aliuliza moja tu.

"Huyo mutoto anasema kosa ni lake?"

"Ndiyo."

"Na we ukamwambiaje?"

"Nilimwambia naenda kusali."

Hadija akaweka mwiko dirishani. Halafu akaanza kunitundikia zile nguo mbichi, begani, shingoni, mkononi, shuka mbili na gauni lake la Idi, mpaka nikawa mimi ndiye kamba. Akapanda kigoda, akafungua mafundo kwa meno. Kipande cha mita moja alikuwa amekikata kufungia mlango wa banda la kuku. Akakifungua nacho. Kuku wakatoka, hakuwatazama.

"Nenda," akasema. "Nguo nitazianika kwenye ukuta. Na usirudi hapa na maneno ya nusu."

Nikarudi chuoni na waya begani kama mtu aliyekamatwa. Jua lilikuwa bado liko juu ya milima ya Kongo. Goreti alikuwa anafunga mlango, bahasha mkononi. Nilikuwa nimeandaa hotuba njiani, yenye mwanzo mzuri na dua. Yote ilikimbia.

"Mwalimu, ni mi."

Akautazama waya. Akanitazama.

"Umekata."

"Nimekata."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa mrefu."

Akaketi kwenye ngazi. Akasema mambo kwa Kirundi ambayo sitayaandika, mengine yalihusu kichwa changu, mengine umri wangu, na moja lilihusu koleo na mahali pa kuliweka. Niliyapokea yote, yalikuwa ya haki. Alipomaliza akauliza taratibu, na hapo ndipo palikuwa pagumu kuliko matusi.

"Jumatatu na jana, nilipokuwa chini ya meza. Ulijua?"

"Sikujua. Nimejua leo."

"Leo saa ngapi?"

"Ulipochora."

"Na ukaenda kusali."

"Nikaenda."

"Ulikuwa unataka kurudi?"

Ningeweza kusema ndiyo, dada. Ni neno fupi. Nikasema, "Nilikuwa sijui bado."

Halafu akaikunja ile bahasha mara mbili, akaitia mfukoni. "Sogeza kabati," akasema.

Akatoa vichwa vipya kutoka droo ya chini, na viungo viwili vya shaba. Hapo sasa ndipo mikono yangu ililipa. Waya ule una moyo katikati na wavu wa shaba umeuzunguka, ukigusanisha moyo na wavu umeua habari yote. Nikauchuna kwa kisu cha wembe, nikachomea risasi moyo na moyo, wavu na wavu, yeye ananipumulia shingoni kama polisi wa mpakani Gatumba. Ile mita ya kuku ilikuwa imevunjika ndani, tukaitupa. Nikaogopa. Akasema mita moja ni vipande vitano, kadhi ataivumilia, na kidogo kilichobaki atakisawazisha kwa ule sukurubu wake. Nikauzungusha tena waya nyuma ya kabati kwa mikono yangu mwenyewe. Yule fundi wangu mfupi lazima aligeuka kaburini.

Akawasha. Mstari wa kwanza, wa pili. Wa tatu ulibaki chini. Tukangoja. Halafu ukaruka. Ukaandika moja. Ukatulia. Mbili. Tano. Ukaanza kupanda kama maziwa kwenye sufuria. Goreti akaweka paji la uso juu ya sanduku la chuma, akabaki hivyo. Mi nikajitia kupanga vyombo vyangu mfukoni, vyombo vitatu, nilivipanga muda mrefu sana.

Alhamisi mgeni akaja, mama mzungu wa nywele nyeupe, mrefu, anaingia chini ya meza upesi kuliko msichana. Aliangalia kila kitu. Akafika kwenye kumbukumbu za mashine, akaweka kidole pale mstari wa tatu ulipolala siku saba au nane.

"Hizi siku kulikuwa na nini?"

Goreti angeweza kusema umeme ulikatika. Nani angebisha, Bujumbura? Badala yake alinitazama tu, akaniachia mlango wazi.

Nikasema kwa Kifaransa changu cha sokoni kwamba ni mimi, nilikata, nilidhani ni uchafu, nikapeleka nyumbani, tukaanika nguo. Goreti alilazimika kutafsiri hilo la nguo, akakwama katikati, akaanza kucheka, akashindwa kuacha. Yule mama alivua miwani. Akaviangalia viungo vyangu kimoja kimoja, akauvuta waya kwa nguvu, haukutoka. Halafu akamgeukia Goreti, si mimi.

"Waya huu ulikuwa na karatasi ya kusema usiguswe?"

"Apana."

"Basi mlikata wawili."

Akaandika. Mashine inabaki, dada. Inabaki hapa mpaka Goreti amalize masomo yake, na baada ya hapo wataona.

Mkuu wangu wa kazi amenipa barua ya onyo, iko kwenye faili, na nadhani ndiyo iliyomfikia bwana wa dagaa ikiwa imenenepa njiani. Naikubali. Goreti naye amenipa adhabu yake. Nimeandika karatasi kwa mkono wangu, kwa Kirundi, Kifaransa na Kiswahili, nimeifunga kwenye waya: Urefu huu ni kazi. Usikate. Na kila asubuhi, kabla sijashika taa yoyote, napanda ghorofani, nasoma ile mistari mitatu, naandika kwenye daftari kubwa, natia sahihi. Jana nilimwuliza kwa nini mimi, wakati ana wanafunzi wenye macho mazuri. Akasema wanafunzi wakiona sifuri watangoja mtu mwingine aseme. "We muzee, umeshaonja," akasema, "hutangoja tena." Bado hajaniruhusu kugusa sukari.

Nisalimie mwanao Juma, fundi wa baiskeli, mwambie asinionee wivu. Nisalimie mke mwenzio wa zamani, yule jirani yako Bi Tatu mwuza mawese, mlivyozeeka mkipikiana. Nisalimie mjukuu wako anayekusomea barua hii, na kama ameruka mstari wowote, arudi. Imamu wa msikiti wenu mpe salamu, ila habari ya rakaa usimpe. Hadija anakusalimu sana. Anaanika kwenye ukuta, na kila nikipita anaugonga huo ukuta mara mbili kwa kiganja, nikumbuke.

Mi nimetua mzigo, dada. Lakini wewe ndiye uliyenilea baada ya mama, kwa hiyo nikuambie na lile ambalo sikumwambia Goreti, wala Hadija. Nilipokuwa natembea kurudi nyumbani ile Jumatano, nilikuwa sijui kama nitarudi; hilo Goreti analijua, asichojua ni hiki. Alasiri nzima nilikuwa mzee wa kumwachia mtoto wa watu kosa langu, na nilitembea vizuri tu, sikujikwaa hata mara moja.

Mdogo wako,
Shabani, fundi